Sheria isiyo ya haki ni sheria? Nadharia ya sheria asilia inadai nini hasa, na mahakamani inaingilia wapi?

mwaka_wa_pili

Wakuu, naomba msaada kwenye falsafa ya sheria, hasa nadharia ya sheria asilia: kwamba zipo kanuni za haki zinazojulikana kwa akili ya binadamu, na sheria za watu hupimwa kwazo.

Kila muhtasari nilioushika unaanza na ule msemo wa Kilatini kwamba sheria isiyo ya haki si sheria. Ukurasa wa pili anakuja John Austin, mwanafalsafa wa sheria Mwingereza wa karne ya 19, na kuuvunja: mtu akishtakiwa kwa kosa lenye adhabu ya kifo, akajitetea kwamba sheria hiyo inapingana na sheria ya Mungu, mahakama itamjibu kwa kumtundika. Hapo mjadala unaonekana umekwisha. Lakini siamini kwamba watu walioitetea nadharia hii kwa karne nyingi walishindwa kuona jambo lililo wazi namna hiyo.

Nina maswali matatu. Nadharia yenyewe inadai nini kuhusu sheria mbaya? Hakimu anayeikubali akiletewa kifungu anachokiona kiovu afanye nini, akitupe? Na kwa mahakama zetu za Afrika Mashariki, kuna mahali sheria asilia imefanya kazi kweli, au inabaki kwenye karatasi za mitihani?

Rusumo

Swali la kwanza ndilo linalowapoteza wengi, kwa hiyo nitakaa hapo.

Msemo wenyewe unatoka kwa Augustino, ila aliyeupa msingi ni mwanateolojia Thoma wa Akwino katika karne ya 13, kwenye *Summa Theologiae*, kitabu cha pili, sehemu ya kwanza, swali la 90 hadi la 97. Achana na muhtasari, soma maswali hayo manane. Si marefu, na nusu ya lawama anazotupiwa zinaisha ukishayasoma.

Swali la 90 linasema sheria ni agizo la akili, kwa manufaa ya wote, lililotolewa na mwenye dhamana ya kuitunza jamii, na likatangazwa. Shika mambo hayo manne, maana katika swali la 96, kifungu cha 4, ndiyo anayoyatumia kupima ubovu. Sheria inaweza kuwa mbovu kwa lengo: mtawala anawatwisha watu mzigo kwa tamaa au sifa zake. Inaweza kuwa mbovu kwa mamlaka: aliyeitunga amevuka mipaka ya madaraka yake. Inaweza pia kuwa mbovu kwa mgawanyo: lengo ni jema, ila mzigo umegawiwa bila uwiano. Chukua ushuru wa soko. Fedha zikikusanywa ili kiongozi ajijengee jina, kasoro iko kwenye lengo. Ukianza kutozwa kabla sheria ndogo haijapitishwa na ngazi inayotakiwa, kasoro ni ya mamlaka. Muuza mchicha wa fungu akitozwa sawa na mwenye ghala la mchele, kasoro iko kwenye mgawanyo. Hizo ni kasoro tatu, na kila moja ina dawa yake.

Sasa angalia anachohitimisha. Hasemi sheria hiyo imetoweka. Anasema haiifungi dhamiri, isipokuwa pale ambapo kuivunja kutaleta kashfa au vurugu, na hapo mtu anapaswa hata kuiachia haki yake. Sheria asizoruhusu zitiiwe kamwe ni zile zinazomlazimisha mtu atende kinyume cha amri ya Mungu, kama kuabudu sanamu. Kwa hiyo kati ya "hainifungi" na "naivunja" kuna hatua nzima ya kupima madhara, na hatua hiyo haimo kwenye muhtasari wowote niliouona. Austin anathibitisha kwamba mahakama ina nguvu ya kunyonga. Thoma hakulikana hilo hata siku moja. Anachouliza ni kama mtu ana wajibu wa kutii.

Sisi wenye Kiswahili tuna urahisi wa kulielewa hili. Tunasema baba aliyewatelekeza watoto "si baba". Hakuna anayefikiri kwamba jina lake limefutika kwenye cheti cha kuzaliwa. Afisa ustawi wa jamii atamfuata yeye alipe matunzo, hatamfuata jirani. Maana yetu ni kwamba amebaki na jina akapoteza kile kilicholipa jina hilo heshima. Ndivyo John Finnis, mtetezi wa sheria asilia wa zama zetu, alivyoufafanua msemo huo mwaka 1980: neno sheria lina maana kamili na maana pungufu, na sheria dhalimu ni sheria kwa ile pungufu.

Jambo la pili, swali la 95, kifungu cha 2. Sheria za wanadamu hutoka kwenye sheria asilia kwa njia mbili. Nyingine ni hitimisho: usimdhuru mtu, kwa hiyo usiue. Nyingine ni uamuzi wa kuchagua, kama fundi anayejua kwamba nyumba lazima iwe na umbo fulani ila anachagua lipi. Ukivuka mpaka wa Tanzania na Rwanda pale Rusumo unahama upande wa barabara, kushoto unaenda kulia. Akili haijui upande ulio bora. Inajua tu kwamba uhai wa watu unataka upande mmoja uchaguliwe. Ukishachaguliwa, kuendesha kinyume ni kosa la kimaadili pia, maana unahatarisha watu. Sehemu kubwa ya sheria zetu (muda wa kukata rufaa, ada, fomu, kiasi cha faini) ni za aina hii. Kwa hiyo anayesema sheria asilia inadai kila kifungu kisomwe kutoka mbinguni hajafika swali la 95.

Na nyongeza fupi: swali la 96, kifungu cha 2, linasema sheria isikataze kila dhambi, ikataze yale mazito, hasa yanayowadhuru wengine, ambayo bila kukatazwa jamii haiwezi kusimama. Kwa hiyo "maadili yote yawe sheria" nayo si nadharia hii.

bint_mrima

Rusumo ameeleza vizuri. Naongeza upande mmoja tu, kwa sababu wengi huku pwani wamesoma usuli al-fiqhi, yaani misingi ya sheria ya Kiislamu, na huuchanganya na huu.

Swali la msingi, yaani kama akili inaujua wema na ubaya kabla ya wahyi (ufunuo wa Mungu), wanazuoni wetu walilijadili kwa jina la husni na kubuhi, yaani wema na ubaya. Kulikuwa na makundi matatu ya itikadi. Muutazila walisema akili inaujua. Ashaari wakasema wema na ubaya wenye malipo mbele ya Mungu unajulikana kwa sharia. Maturidi wakasimama katikati. Mashafii wa mwambao kwa itikadi ni Ashaari, kwa hiyo kumwambia msomi wa Lamu au Unguja kwamba "Uislamu una sheria asilia" bila kutaja khitilafu hiyo ni kuanza vibaya.

Kosa la pili ni kuyachukua makusudio ya sharia, yaani malengo ambayo sharia inayalinda, kama ndiyo sheria asilia yenyewe. Mwanazuoni Ghazali, aliyekuwa Ashaari, alitaja mambo matano yanayohifadhiwa: dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Yanafanana sana na mema ya msingi anayoyaorodhesha Finnis, lakini njia ni tofauti. Finnis anaanza na akili ya mtu anapojiuliza lipi lina thamani ya kutafutwa. Ghazali na baadaye Shatibi wanayapata kwa kuzifuatilia hukumu za sharia zenyewe na kuona zinalinda nini. Mnaweza kukutana sokoni mkiwa mmetoka njia mbili.

Mzani

Naomba niutetee upande mwingine, maana wapositivisti, yaani wanaosema sheria ni ile iliyotungwa na wenye mamlaka hata ikiwa mbaya, nao wanasomwa vibaya.

Mkuu wao wa karne ya 20, Mwingereza H.L.A. Hart, hakusema sheria haina uhusiano na maadili. Alisema hakuna uhusiano wa lazima kati ya sheria kuwapo na sheria kuwa njema. Katika kitabu chake cha 1961 alikubali hata "kiasi cha chini" cha sheria asilia, kutokana na mambo matano kuhusu binadamu: tunaumizika kirahisi, nguvu zetu zinakaribiana, huruma yetu ina mipaka, mali haitoshi, na uelewa na uthabiti wetu ni haba. Jamii isiyokataza kuua na kuiba haidumu. Kinachomsumbua Hart ni hatari ya kusema "si sheria". Raia anapaswa kuweza kusema: hii ni sheria, na ni ovu mno kutiiwa. Ukiziunganisha kauli hizo mbili, unaficha gharama.

Uwanja wa ugomvi huu ni Ujerumani baada ya vita. Gustav Radbruch, aliyewahi kuwa waziri wa haki miaka ya mwanzo ya 1920, aliandika mwaka 1946 kanuni yenye ngazi mbili. Kwanza, sheria iliyotungwa ipewe kipaumbele hata ikiwa na dhuluma, mpaka mgongano wake na haki ufikie kiwango kisichovumilika. Hapo iachie haki njia. Pili, sheria ambayo usawa umekataliwa kwa makusudi wakati wa kuitunga, hiyo haina hata asili ya sheria. Tazama kizingiti kilivyo juu. Wanafunzi humnukuu kana kwamba dhuluma yoyote inatosha.

Halafu kuna kesi ya mke aliyemshitaki mumewe. Mwaka 1944 askari aliyekuwa likizo alimsema vibaya Hitler nyumbani. Mke aliyetaka kumwondoa akampeleka kwa wenye mamlaka, mume akahukumiwa kifo, hakunyongwa, akarudishwa vitani. Mwaka 1949 mahakama ya rufaa ya Bamberg ikamtia mke hatiani kwa kumnyima mtu uhuru wake kinyume cha sheria, kosa lililokuwemo kwenye kanuni ya adhabu ya 1871. Kwenye mjadala wake na Mmarekani Lon Fuller mwaka 1958, Hart aliieleza kesi hii kana kwamba mahakama iliitangaza sheria ya Wanazi kuwa batili. Haikufanya hivyo. Iliiacha sheria isimame, ikasema mke hakulazimishwa na yeyote kupeleka habari, na alitenda kinyume cha dhamiri ya watu waadilifu. Kosa hilo lilionyeshwa baadaye na Hart mwenyewe akalitambua, lakini vitabu vya mitihani bado vinalirudia. Ukilisahihisha kwenye jibu lako, msahihishaji ataona umesoma.

Mahali kanuni ya Radbruch ilipofanya kazi hasa ni kesi za walinzi wa ukuta wa Berlin. Desemba 1984 kijana wa miaka 20 alipigwa risasi akiwa kwenye ngazi akijaribu kuvuka. Walinzi walijitetea kwa sheria ya mipaka ya Ujerumani Mashariki ya 1982, kifungu cha 27. Mahakama Kuu ya Shirikisho iliukataa utetezi huo tarehe 3 Novemba 1992, na Mahakama ya Katiba ikaunga mkono mwaka 1996. Lakini kesi za aina hiyo zilipofika Strasbourg mwaka 2001, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilipita njia nyingine: ilisema mauaji hayo yalikuwa kosa hata kwa katiba na sheria za Ujerumani Mashariki yenyewe zikisomwa ipasavyo. Matokeo yalikuwa yale yale, na sheria asilia haikuhitajika. Nadhani hiyo ndiyo njia salama zaidi.

Kwa Afrika Mashariki nina wasiwasi huo huo. Kesi zinazotajwa kama ushindi wa sheria asilia zinaelezeka zote kwa katiba iliyoandikwa.

Wakili_wa_Ziwa

Mzani, nakubaliana nawe nusu. Lakini tuanzie pale ambapo neno "maadili" liliingia kwenye sheria zetu kwa maandishi, yaani kipengele cha kikoloni kilichoruhusu mila zitumike mradi zisichukize haki na maadili. Bado kipo Kenya, kwenye Sheria ya Mahakama ya 1967, kifungu cha 3(2).

Haki na maadili ya nani? Mwaka 1938, katika kesi ya Gwao bin Kilimo dhidi ya Kisunda bin Ifuti, ng'ombe wa baba walikuwa wamekamatwa kulipa deni la mwanawe, kama mila ilivyoruhusu. Jaji Wilson wa Tanganyika alijiuliza swali hilo waziwazi, akajibu kwamba mahakama ya Kiingereza barani Afrika haina kipimo kingine cha kutumia ila cha Kiingereza. Mwaka 1917, katika kesi ya Amkeyo, mahakama ilikuwa imekwisha kumkatalia mke wa ndoa ya kimila hadhi ya mke kwenye sheria ya ushahidi, kwa kuiona ndoa hiyo kama ununuzi wa mwanamke. Hii inauma, na ni fundisho kubwa kwa anayeipenda sheria asilia: majaji wale walitumia neno la watu wote kupitisha desturi za nchi moja. Thoma angewauliza kama hitimisho lao linatoka kwenye akili ya binadamu yeyote, au ni uchaguzi wa Waingereza tu, kama upande wa barabara. Ndoa ya mahari ni uchaguzi halali wa jamii. Kuliita chukizo kulihitaji hoja, nayo haikutolewa.

Sasa kesi ya Ephrahim dhidi ya Pastory, Mahakama Kuu Mwanza, 1990, Jaji Mwalusanya. Mwanamke wa Kihaya alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake. Agosti 1988, akiwa mzee asiye na wa kumtunza, akaliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu wa nje ya ukoo. Ndugu wa ukoo akafungua shauri. Kanuni ya 20 ya mila za urithi, iliyotangazwa mwaka 1963, ilisema mwanamke hutumia ardhi ya ukoo ila hawezi kuiuza. Mahakama ya Mwanzo ikabatilisha mauzo, Mahakama ya Wilaya ikayarudisha, na Mahakama Kuu ikakubaliana na Wilaya.

Mzani atasema: Hati ya Haki iliingizwa kwenye katiba mwaka 1984, ibara ya 13 inakataza ubaguzi, na sheria namba 16 ya mwaka huo, kifungu cha 5(1), iliwataka majaji wazisome sheria zilizokuwepo pamoja na marekebisho yanayohitajika. Imekwisha. Ni kweli, chombo kilikuwa cha maandishi. Lakini kifungu hicho hakikusema urekebishe vipi. Jaji angeweza kuondoa kizuizi cha kuuza kabisa, kwa wote. Hakufanya hivyo. Alichukua utaratibu uliowahusu wanaume, kwamba ardhi ya ukoo ikiuzwa kwa mgeni bila idhini ya ukoo, mwanaukoo anaweza kuikomboa kwa kumrudishia mnunuzi bei, akautandaza kwa wanawake pia. Usawa ni hitimisho. Haki ya ukombozi ni uchaguzi wa jamii ya Kihaya, na aliuheshimu. Hayo ndiyo majibu ya Rusumo kuhusu swali la 95, hata kama jina la Thoma halikuhitajika.

Linganisha na kesi ya Mbushuu. Mwaka 1994 jaji huyo huyo aliona adhabu ya kifo inapingana na katiba. Mwaka 1995 Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba ni ya kikatili na inatweza utu, lakini ikasema imeokolewa na ibara ya 30(2) kwa manufaa ya umma. Hapo unaiona tofauti ya Hart ikiwa hai: mahakama inakiri kasoro ya kimaadili na inaiacha sheria isimame.

Kuhusu hakimu, swali lako la pili, kwa Tanzania mpangilio ni huu. Kwanza asome kifungu tena: je, maneno yanalazimisha huo uovu, au yamezoeleka kusomwa hivyo? Mara nyingi mzizi uko hapo. Kikiwa ni cha sheria ndogo, ukaguzi unaofuata ni kama sheria mama iliruhusu kitungwe. Vyote viwili vikishindikana, anakwenda kwenye katiba, na hapa watu wanakosea mlango: hakimu wa mahakama ya chini hakitangazi kifungu kuwa batili. Kwa sheria ya utekelezaji wa haki za msingi ya 1994, swali likiibuka kwake analipeleka Mahakama Kuu, ambako linasikilizwa na majaji watatu. Na Mahakama Kuu hailazimiki kukifuta papo hapo; inaweza kuipa serikali muda wa kurekebisha, kama ilivyofanya mwaka 2016 kwa kutoa mwaka mmoja kuhusu vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa, vilivyoruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa. Mahakama ya Rufani ilikubaliana na uamuzi huo mwaka 2019. Baada ya milango yote hiyo kufungwa ndipo linabaki swali la dhamiri: kujitoa kwenye shauri, kujiuzulu, au kuhukumu huku akiandika wazi kwamba sheria ni dhalimu na Bunge liitazame. Kupotosha maneno ya sheria kimyakimya huku ukijidai unayafuata hakumo, maana hapo unakuwa umejifanya mtunga sheria bila dhamana hiyo.

mwaka_wa_pili

Asanteni sana, hasa hiyo ya Bamberg. Limebaki moja: Fuller na yule mfalme wa kubuni kwenye kitabu chake, aliyeshindwa kutunga sheria. Nimuweke upande gani?

Rusumo

Muweke peke yake, karibu na Thoma kuliko anavyowekwa kawaida. Kitabu cha 1964 kinataja njia nane za kushindwa: kutokuwa na kanuni za jumla, kutozitangaza, kuzifanya zihukumu matendo yaliyotangulia, kutoeleweka, kupingana, kudai yasiyowezekana, kubadilishwa kila mara, na watendaji kutenda kinyume cha kilichoandikwa. Hart alijibu kwamba hizo ni kanuni za ufanisi. Hata mwenye kuua kwa sumu ana kanuni zake za ufanisi. Hoja hiyo ina uzito. Ila jaribu kuitumia kwenye kutangaza. Sheria isiyotangazwa inaweza kumfaa sana mtawala anayetaka watu waishi kwa hofu, kwa hiyo kuitangaza hakumsaidii yeye. Kunamlinda anayetakiwa kutii.

Mfano wa nyumbani ni lugha. Kwa miongo mingi sheria za Tanzania ziliandikwa kwa Kiingereza, na mabadiliko ya 2021 ndiyo yaliyoifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Thoma, swali la 90, kifungu cha 4, anasema asiyekuwepo sheria ilipotangazwa anafungwa nayo kwa kadiri inavyomfikia, au inavyoweza kumfikia kupitia wengine. Ukilijibu swali la mtihani hapo, uliza kwa vitu: tangazo lilitoka kwenye Gazeti la Serikali tarehe gani, kwa lugha gani, lilianza kutumika lini, na mtu wa Ngara anayeshtakiwa kwalo angelipata kwa nani. Majibu yakikosekana, una hoja ya kweli ya kasoro katika kutangaza, hata kabla hujafungua ukurasa wa haki na dhuluma.